Mtihani wa SQL wa Oracle, 1Z0-071: mahali maksi zinapopotelea

Mtu anaweza kuandika SELECT, amri ya SQL ya kuiuliza hifadhidata, kila siku kazini, akatoa ripoti za mauzo na kusafisha data za wateja kwa miaka, na bado akafeli 1Z0-071. Kazini unajua takriban jibu linalotakiwa, na kwiri (swali unaloiandikia hifadhidata) ikigoma unaipapasa hadi ikubali. Mtihani haukupi nafasi ya kupapasa. Unawekewa kwiri iliyoandikwa na mtu mwingine, mara nyingi kwa hila, kisha unaulizwa itatoa nini, au kama itafanya kazi kabisa.

Huu ndio mtihani wa mlango wa kuingilia upande wa hifadhidata za Oracle. Ukiufaulu unapata cheti cha Oracle Database SQL Certified Associate. Hakuna cheti kingine unachodaiwa kwanza. Maswali ni 63, muda ni dakika 120, alama ya kufaulu ni asilimia 63. Vitabu vya zamani vinataja idadi na muda tofauti, kwa hiyo usishtuke ukikuta tarakimu nyingine; zitazame upya kwenye ukurasa rasmi siku unayolipa. Kwa hesabu ya sasa unahitaji majibu 40 sahihi, yaani una ruhusa ya kukosa 23. Ukigawa muda sawasawa, kila swali lina kama sekunde 114.

Sekunde hizo zingetosha kama maswali yote yangekuwa ya kuchagua jibu moja. Sivyo. Mengi yanakutaka uchague majibu mawili au matatu kati ya matano, sita au saba, na ukipata mawili kati ya matatu hupewi nusu. Ndiyo maana kujua "kwa ujumla" hakusaidii: kwenye swali la majibu matatu unapaswa kuwa na uhakika na kila sentensi moja moja, zikiwemo zile za uongo. Kukisia hakukatwi maksi, kwa hiyo usiache swali tupu.

Kuandaa mahali pa mazoezi

Usijiandae kwa kusoma tu. Pakua Oracle Database 21c Express Edition, ambayo ni ya bure. Ina mipaka (nyuzi mbili za prosesa, gigabaiti 2 za RAM, gigabaiti 12 za data) lakini kwa mtihani huu hutaigusa. Ongeza SQL Developer, nayo ya bure, uwe na dirisha la kuandikia.

Ungetegemea toleo jipya liwe bora zaidi kwa mazoezi, lakini hapa toleo jipya linaweza kukuponza. Kuanzia Oracle 23ai, mambo kadhaa yaliyokuwa makosa yameruhusiwa: unaweza kuandika SELECT bila FROM, unaweza kutumia jina la mkato la kolamu ndani ya GROUP BY na HAVING, unaweza kuingiza mistari mingi kwa VALUES moja, na kolamu inaweza kuwa ya aina ya BOOLEAN. Mtihani ulitungwa juu ya matoleo yaliyotangulia. Ukifanya mazoezi kwenye 23ai, kwiri ambayo mtihani unataka useme "inatoa kosa" kwako itapita bila tatizo, na utajifunza kitu kisicho sahihi huku kompyuta ikikuthibitishia. Tovuti za kuendeshea SQL kwenye kivinjari zina shida hiyo hiyo ya toleo, na juu yake nyingine hukamilisha muamala (kundi la mabadiliko yanayothibitishwa au kurudishwa pamoja) zenyewe kila unapobonyeza, jambo linaloharibu mazoezi yote ya ROLLBACK, amri ya kurudisha mabadiliko nyuma.

Baada ya kusakinisha, wengi hukwama mahali pale pale. Wanaingia kama SYSTEM, wanaandika CREATE USER, wanakutana na kosa la ORA-65096. Sababu ni kwamba umesimama kwenye chombo kikuu cha hifadhidata, na huko mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuundwa. Hamia kwanza kwenye hifadhidata ya ndani, XEPDB1:

ALTER SESSION SET CONTAINER = XEPDB1;
CREATE USER mazoezi IDENTIFIED BY nenosiri1 QUOTA UNLIMITED ON users;
GRANT CREATE SESSION, CREATE TABLE, CREATE VIEW, CREATE SEQUENCE, CREATE SYNONYM TO mazoezi;

Ukisahau ile QUOTA, jedwali litaundwa vizuri, ila mstari wa kwanza utakaoingiza utarudishwa na ORA-01950. Kisha kwenye SQL Developer, unapotengeneza muunganisho, chagua sehemu ya jina la huduma uandike XEPDB1, bandari 1521. Ukiacha SID ya xe iliyokuwepo, utaambiwa jina au nenosiri si sahihi hata kama umeliandika barabara, kwa kuwa mtumiaji wako hayupo upande huo.

Mwisho weka skima ya HR, yaani majedwali ya mfano ya wafanyakazi na idara zao. Oracle yenyewe imeiweka GitHub, kwenye hazina ya db-sample-schemas, folda ya human_resources, unaendesha hr_install.sql ukiwa SYSTEM ndani ya XEPDB1. Majedwali ya mtihani mara nyingi yanafanana na haya, kwa hiyo ukiijua HR kama mtaa wako, nusu ya muda wa kusoma vielelezo siku ya mtihani utakuwa umeokolewa.

Hesabu mistari kabla ya kubonyeza

Mazoezi yenye faida kuliko yote kwa mtihani huu ni haya: andika kwiri, chukua kalamu, andika kwenye karatasi itatoa mistari mingapi, ndipo uiendeshe. Ikitofautiana na ulichoandika, usiendelee hadi ujue kwa nini. Zoezi linachosha, na kwa siku za mwanzo linakatisha tamaa, lakini ndicho kitendo kile kile utakachofanya mara 63.

Chukua majedwali mawili tu, EMPLOYEES na DEPARTMENTS. La kwanza lina mistari 107, la pili 27. Mfanyakazi namba 178 hana idara. Kolamu yake ya DEPARTMENT_ID ni NULL, yaani haina thamani yoyote. Upande wa pili, idara 11 tu ndizo zenye wafanyakazi, 16 ni tupu. Ukiwa na takwimu hizo mkononi unaweza kukokotoa kila aina ya kuunganisha bila kompyuta:

JOIN ya kawaida kwa DEPARTMENT_ID inatoa 106, kwa sababu yule wa 178 hana anakoshikilia. LEFT JOIN kuanzia EMPLOYEES inatoa 107. RIGHT JOIN inatoa 122, yaani 106 na zile idara 16 tupu. FULL JOIN inatoa 123. CROSS JOIN inatoa 107 mara 27, ambayo ni 2,889.

Sasa jaribu NATURAL JOIN. Mtu aliyezoea kazini atasema 106, maana "inaunganisha kwa kolamu yenye jina moja". Jibu ni 32. Majedwali haya mawili yana kolamu mbili zenye majina yanayofanana: DEPARTMENT_ID na MANAGER_ID. NATURAL JOIN haichagui. Inaunganisha kwa zote mbili. Kwa hiyo inakurudishia tu wale wafanyakazi ambao bosi wao wa moja kwa moja ndiye pia mkuu wa idara yao. Haitoi kosa wala onyo, ila matokeo hayana maana uliyodhani. Mtungaji wa mtihani anaipenda sana hii, na ukiitazama kwa jicho la kazi, ndiyo sababu usiitumie kabisa kwenye mfumo halisi: siku mtu akiongeza kolamu yenye jina linalogongana, ripoti zako zinabadilika bila mtu kugusa kwiri.

USING ina kasheshe yake ndogo. Ukiandika JOIN departments d USING (department_id), basi kolamu hiyo haimilikiwi tena na upande wowote, ukiiita e.department_id au d.department_id mahali popote kwenye kwiri unapata ORA-25154. Swali la namna hii hujificha vizuri kwa sababu sehemu nyingine zote za kwiri ni safi.

NULL peke yake inastahili wiki nzima

Kama una muda mdogo, uelekeze hapa. NULL haimo kwenye mada moja ya mtihani. Imenyunyizwa kwenye mada zote.

Msingi ni kwamba ulinganisho wowote na NULL hauleti kweli wala si kweli, bali haijulikani. WHERE hupitisha kweli tu. Kwa hiyo WHERE commission_pct <> 0.2 haitakuletea wafanyakazi wasio na kamisheni, ingawa mtu wa kawaida angesema "hawana 0.2, basi waje". Katika HR wenye kamisheni ni 35. Wengine 72 wote ni NULL. Hesabu ya salary * 12 + salary * 12 * commission_pct itatoa NULL kwa hao 72, si mshahara wao wa mwaka. Hapo ndipo NVL inahitajika, au COALESCE, ambayo hupokea vitu vingi na kurudisha cha kwanza kisicho NULL. Itofautishe na NVL2, ambapo hoja ya pili hurudishwa iwapo ya kwanza SI NULL. Watu huigeuza kichwa chini miguu juu karibu kila mara.

Kisha sheria inabadilika ukifika kwenye fanksheni za makundi. Hizo huiruka NULL kimya kimya, isipokuwa COUNT(*). Tazama:

SELECT COUNT(*), COUNT(commission_pct), AVG(commission_pct), AVG(NVL(commission_pct,0)) FROM employees;

Utapata 107, 35, kama 0.2229, na kama 0.0729. Wastani wa kwanza umegawanywa kwa 35, wa pili kwa 107. Yote ni sahihi. Swali litakuuliza lipi linajibu "wastani wa kamisheni kwa wafanyakazi wote".

GROUP BY nayo ina desturi yake. COUNT(DISTINCT department_id) kwenye EMPLOYEES inatoa 11. Lakini GROUP BY department_id inatoa mistari 12, kwa sababu NULL inatengenezewa kundi lake. Vivyo hivyo UNION: NULL mbili zinahesabiwa kuwa kitu kimoja na moja inaondolewa kama nakala, ingawa kwenye WHERE zisingelingana kamwe.

Mtego mkubwa kuliko yote ni NOT IN. Unataka wafanyakazi ambao si mabosi wa mtu yeyote:

SELECT employee_id FROM employees WHERE employee_id NOT IN (SELECT manager_id FROM employees);

Mistari iliyorudi: sifuri. Mfanyakazi namba 100, mkuu wa kampuni, hana bosi, kwa hiyo MANAGER_ID yake ni NULL na inaingia kwenye orodha. NOT IN maana yake ni "si sawa na wa kwanza, NA si sawa na wa pili, NA..." hadi mwisho, mmoja wao akiwa NULL, sharti zima haliwezi kuwa kweli. Ongeza WHERE manager_id IS NOT NULL ndani ya mabano na mistari 89 itatokea, kwa kuwa mabosi ni 18. IN yenyewe haina tatizo hilo, kwa sababu inaunganishwa kwa AU na kweli moja inatosha. NOT EXISTS pia iko salama. Ukiona NOT IN yenye kwiri ya ndani kwenye mtihani, swali la kwanza la kujiuliza ni kama kolamu ile inaruhusu NULL; kielelezo cha jedwali kimewekwa hapo juu kwa kazi hiyo.

CHECK, sharti linalokagua data inayoingia kwenye jedwali, inafuata njia nyingine tena. WHERE hukataa haijulikani, lakini sharti la CHECK huikubali. Jedwali lenye CHECK (mshahara > 0) litapokea mstari ambao mshahara ni NULL bila kulalamika, hadi uongeze NOT NULL. UNIQUE kwenye kolamu moja nayo hupokea NULL nyingi upendavyo. PRIMARY KEY haipokei hata moja.

Mengine ya kukariri bila maelezo marefu: kwenye Oracle maandishi matupu '' ni NULL, hivyo LENGTH('') si sifuri bali NULL. Alama ya kuunganisha maandishi || huichukulia NULL kama hakuna kitu, haiharibu sentensi. ORDER BY ya kupanda huweka NULL mwishoni, ya kushuka huziweka mwanzoni, isipokuwa ukiandika NULLS FIRST au NULLS LAST.

Mpangilio wa utekelezaji

Kwiri inaandikwa kuanzia SELECT lakini haisomwi hivyo. Oracle huanza na FROM, halafu WHERE, GROUP BY, HAVING, SELECT, na ORDER BY mwisho. Ukiukariri mpangilio huo, maswali mengi ya "kwiri ipi itatoa kosa" yanajijibu. Jina la mkato la kolamu linazaliwa kwenye SELECT, basi WHERE haiwezi kulijua bado, na ORDER BY inaweza. Fanksheni ya kundi haiwezi kukaa kwenye WHERE kwa kuwa makundi hayajaundwa. Na kila kolamu ya SELECT isiyo ndani ya fanksheni ya kundi lazima iwe kwenye GROUP BY, ingawa kinyume chake si lazima: unaweza kugawa makundi kwa kolamu usiyoionyesha.

MAX(AVG(salary)) inaruhusiwa, mradi GROUP BY ipo. Ila ukiweka department_id pembeni yake kwenye SELECT, unapata ORA-00937, maana jibu ni moja na idara ni nyingi. HAVING inaweza kuandikwa kabla ya GROUP BY na Oracle ikakubali. Sura yake ni mbaya, lakini ni halali, na mtihani unajua kwamba utaiona kama kosa.

Kwenye UNION, INTERSECT na MINUS, majina ya kolamu hutoka kwenye kwiri ya kwanza, ORDER BY ni moja tu na inakaa mwisho kabisa. Idadi ya kolamu ilingane, na aina za data ziwe za familia moja. Majina yakitofautiana hakuna neno.

FETCH FIRST, ya kuchukua mistari ya mwanzo tu, ni rahisi ukiiona mara moja. Katika HR mshahara wa juu ni 24,000 na wa pili ni 17,000, unaolipwa watu wawili. ORDER BY salary DESC FETCH FIRST 2 ROWS ONLY inatoa mistari miwili. Badilisha ONLY kuwa WITH TIES, inatoa mitatu.

Tarehe na maandishi

Tarehe ukitoa tarehe unapata siku, ikiwemo sehemu ya siku. Tarehe ukijumlisha na tarehe unapata kosa. ADD_MONTHS ikipewa 31 Januari 2024 na mwezi mmoja hutoa 29 Februari; ikipewa 29 Februari 2024 hutoa 31 Machi, kwa sababu siku ya mwisho ya mwezi hubaki siku ya mwisho. ROUND kwa mwezi hupanda kuanzia tarehe 16, kwa mwaka kuanzia 1 Julai.

Mwaka wa tarakimu mbili ni swali la kudumu. TO_DATE('12-DEC-63','DD-MON-RR') inatoa 12 Desemba 1963, siku ya uhuru wa Kenya. Badilisha RR iwe YY na uhuru unasogea hadi 2063. RR inatazama tarakimu mbili: ukiwa ndani ya nusu ya kwanza ya karne, 50 hadi 99 hupelekwa karne iliyopita na 00 hadi 49 hubaki karne hii.

Kwa maandishi, chukua neno MOMBASA ulichezee. SUBSTR('MOMBASA',-4,3) huanza herufi ya nne kutoka mwisho na kutoa BAS. INSTR('MOMBASA','M',1,2) hutafuta M ya pili na kutoa 3. Kwenye namba, ROUND(45.926,-1) ni 50 na TRUNC(45.926,1) ni 45.9. TO_CHAR(SYSDATE,'Month') hujaza nafasi hadi herufi tisa hata kama mwezi ni May, isipokuwa ukitanguliza fm. Hizi ni maksi za bure kwa aliyezifanyia mazoezi. Asiyezifanyia huzipoteza kwa kukokotoa kwa vidole huku saa inakwenda.

Muamala unaokamilika bila kuambiwa

Fuata mlolongo huu taratibu: unaingiza mstari kwenye jedwali A, unaweka SAVEPOINT s1 (alama ya kurudia), unafuta mistari mitatu, unaandika CREATE TABLE b, kisha unaandika ROLLBACK TO s1. Nini kimebaki?

Mstari uliingia, na mitatu imefutwa moja kwa moja. CREATE TABLE, kama amri yoyote ya kuunda au kubadili umbo, hufanya COMMIT (kuthibitisha mabadiliko moja kwa moja) kabla yake na baada yake, na COMMIT hufuta SAVEPOINT zote. ROLLBACK TO s1 inatoa kosa kwa kuwa s1 haipo tena. Hata CREATE TABLE yenyewe ikigoma kwa sababu jina limeshatumika, COMMIT ya mwanzo imekwishafanyika. GRANT, REVOKE na TRUNCATE zimo kwenye kundi hilo hilo.

TRUNCATE, amri ya kumwaga jedwali zima, haina WHERE, hairudishwi kwa ROLLBACK, na haiamshi triga za DELETE. Kuna jambo wengi hawalitarajii: kama jedwali lingine lina FOREIGN KEY hai (sharti linalofunga kolamu yake na jedwali hili) inayolielekea hili, TRUNCATE inakataa hata kama jedwali la mtoto ni tupu kabisa. DELETE ingepita.

CREATE TABLE nakala AS SELECT * FROM employees huchukua data na masharti ya NOT NULL yaliyoandikwa waziwazi, basi. PRIMARY KEY, FOREIGN KEY, UNIQUE na CHECK nyingine havifuati. Kwa hiyo LAST_NAME kwenye nakala itakataa NULL, lakini EMPLOYEE_ID itaikubali, maana ukali wake ulitoka kwenye PRIMARY KEY iliyobaki nyuma. Endesha DESC kwa majedwali yote mawili uone kwa macho yako.

Upande wa ruhusa ni mdogo lakini hauepukiki. Ruhusa juu ya kitu, kama SELECT kwenye jedwali, hutolewa WITH GRANT OPTION. Ukimnyang'anya Asha, na Juma aliyepewa na Asha ananyang'anywa. Ruhusa za mfumo, kama CREATE TABLE, hutolewa WITH ADMIN OPTION, na hizo hazifuatani: Asha akipoteza, Juma anabaki nayo.

Zilizobaki zipitie kwa haraka ila usiziruke. CURRVAL ya SEQUENCE haipatikani kwenye kikao kipya kabla ya kuita NEXTVAL. VIEW yenye WITH CHECK OPTION hukataa badiliko litakaloutoa mstari nje ya sharti la VIEW. MERGE hairuhusu kubadili kolamu uliyoitumia kwenye ON. INSERT ALL hukagua kila WHEN, INSERT FIRST husimama kwenye ya kwanza iliyotimia.

Ratiba, dampu na siku yenyewe

Kwa mtu anayefanya kazi na mwenye saa moja jioni, wiki nane zinatosha kama SELECT si ngeni kwake. Asiyewahi kuandika SQL ajipe miezi minne. Gawa muda bila usawa: NULL, kuunganisha majedwali na kwiri za ndani vichukue nusu nzima. Tarehe na fanksheni ziwe dozi ndogo za kila siku, dakika kumi kumi, kwa sababu husahaulika upesi. Wiki mbili za mwisho zibaki kwa mitihani ya majaribio, kila mmoja kwa dakika 120 bila kusimama. Usilipie tarehe hadi ufikishe asilimia 80 kwenye jaribio ambalo maswali yake hukuwahi kuyaona; tofauti na zile 63 italiwa na hofu na uchovu wa siku yenyewe.

Dampu, yaani maswali ya mtihani yaliyovuja, zinazouzwa kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp zina matatizo mawili. La kwanza, Oracle inaweza kufuta cheti cha aliyezitumia. La pili linauma mapema zaidi: majibu yake mengi ni ya kukisia, na yamenakiliwa kutoka dampu hadi dampu bila mtu kuyaendesha. Kwa kuwa una hifadhidata kwenye kompyuta yako, swali lolote lenye utata, kutoka popote, lina hakimu. Liandike, liendeshe.

Mtihani unanunuliwa na kupangiwa tarehe kupitia akaunti yako ya Oracle, na unaufanyia nyumbani ukitazamwa kwa kamera. Bei ya orodha ya Marekani imekuwa dola 245, na hutofautiana kwa nchi, kwa hiyo chagua nchi yako kabla ya kupiga hesabu. Kadi ya benki iwe imeruhusiwa malipo ya mtandaoni ya nje. Benki nyingi huifunga huduma hiyo hadi uombe.

Jina ndilo chanzo cha usumbufu usio wa lazima. Akaunti ikisema majina mawili na pasipoti ikisema matatu, au kitambulisho kimeanza na jina la ukoo, msimamizi anaweza kukukatalia hata kabla ya swali la kwanza. Fungua akaunti ukiwa na kitambulisho mkononi, nakili herufi kwa herufi, na kama ulishaifungua kwa jina la utani, irekebishe wiki kadhaa kabla.

Chumba kiwe na mlango unaofungika, meza tupu, skrini moja, simu mbali. Jaribio la kukagua mfumo lifanye kwenye kompyuta na mtandao ule ule utakaotumia, na saa ile ile ya siku, maana mtandao wa saa nne asubuhi si wa saa mbili usiku. Kompyuta ya ofisini mara nyingi huwa na programu za ulinzi zinazozuia programu ya mtihani. Ya nyumbani ni salama zaidi. Umeme ukiwa wa kubahatisha, laptopu yenye betri nzima na modemu ya simu iliyochajiwa vinakuvusha pale ruta ya ukutani inapozimika.

Ndani ya mtihani, soma swali lenyewe kabla ya kielelezo. Maswali ni ya Kiingereza, na neno moja kama NOT au "always" ndilo hubeba jibu. Kielelezo cha jedwali lenye kolamu kumi huwa na mbili tu zinazohusika, na swali ndilo linalokuambia zipi. Kwenye maswali ya majibu matatu, anza kwa kufuta yale ambayo una uhakika ni ya uongo. Mara nyingi yanabaki manne, na mzozo ni kati ya mawili. Likikuzidi dakika mbili na nusu, chagua unachoweza, liwekee alama, songa mbele. Panga ufike swali la 63 ukiwa na dakika 15 mkononi, uzitumie kwa yale yenye alama tu, na usibadilishe jibu la awali isipokuwa umegundua sababu unayoweza kuitaja: NULL uliyoiruka, COMMIT uliyoisahau, au kolamu ya pili yenye jina lile lile.